Nyumba ya watoto na moyo wa baba: Tiba ni wajibu hadi wapi?

NIANZE kwa kukiri kosa, maana asiyekiri lake hana uso wa kuwasahihisha wengine. Mwaka 2017 niliacha kumeza dawa zangu za moyo kwa muda wa wiki tatu. Sikuishiwa fedha, wala duka la dawa halikuishiwa vidonge. Niliacha kwa sababu nilichoka kuwa mgonjwa, na uchovu ule nikauvisha kanzu nikauita tawakkul. Nilikuwa nimekaa na bwana mmoja mtoa tiba, mtu wa maneno matamu, akaniambia kuwa vile vidonge vyangu asili yake ni sumu ya panya na kwamba Muislamu hatafuti uhai kwenye sumu.

Kuhusu asili yake hakusema uongo. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 ikiwa ni sumu ya panya, na ilipofika mwaka 1954 ndipo ikaruhusiwa kwa binadamu. Alichoacha kusema ni kwamba kinachotofautisha sumu na dawa ni kipimo. Siku ya ishirini na moja, nikiwa natawadha kwa ajili ya swala ya Alasiri, kopo lilinidondoka. Mkono wa kulia nauona, lakini si wangu tena. Nikamwita mama watoto, ulimi nao ukawa mzito. Baada ya nusu saa mkono ukarudi. Daktari aliniambia kwamba kiharusi kilikuja hadi mlangoni, kikabisha hodi na kuondoka, na kwamba nisitegemee adabu hiyo mara ya pili.

Tangu siku ile nimekuwa na swali ambalo naona linawahusu wengi miongoni mwetu, hasa sisi wa mijini tunaoishi kati ya hospitali, maduka ya dawa za asili na matangazo ya matibabu ya nje. Muislamu anawajibika kutafuta tiba hadi wapi? Na akifika mahali akasema inatosha, je, huyo amekata tamaa na rehema za Mola wake, au amefanya subira? Nani wa kutofautisha?

Kwa wasioujua ugonjwa huu, moyo huendeshwa na umeme mdogo unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Kwenye chumba cha juu upande wa kulia kuna kijisehemu kinachotoa amri, na kwa mtu mzima aliyetulia amri hizo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Vyumba vya juu hubana kwanza, vya chini vikafuata, kama safu zinavyomfuata imamu. Kwangu mimi imamu hasikiki. Kila mtu katika safu anapiga takbira yake. Vyumba vya juu havidundi, vinatetemeka tu. Damu isiyosukumwa hutuama, na damu iliyotuama huganda. Kipande cha donge hilo kikichomoka na kupanda kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Mtu mwenye tatizo hili ambaye vali za moyo wake ni nzima, hatari yake ya kupata kiharusi ni kama mara tano ya mtu asiye nalo. Yule ambaye vali yake imebana, kama yangu, hatari yake inapita mbali zaidi ya hapo.

Vali yangu iliharibika utotoni. Koo liliuma, likapona lenyewe. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, leo hili kesho lile, na wakubwa wakasema ni baridi, nikachuliwa mafuta. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kumbe mwili ukipigana na vijidudu vile vya koo unaweza kumkosea adui ukaishambulia vali ya moyo wako mwenyewe. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo hukingwa isimrudie kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Ni dawa ya zamani na bei yake ni ndogo. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekaribia kusahaulika. Umebaki kwa wanaolala wengi chumba kimoja. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Watu huniuliza kuishi na moyo wa namna hii kukoje. Mchana huwezi kunijua. Niko dukani kwangu Kariakoo, nauza vitabu na kanzu, nacheka na wateja. Tatizo ni usiku. Ukilalia ubavu wa kushoto unausikia kwenye mto, unakimbia, unasita, unakimbia tena, na kila ukisita unajiuliza kama utaendelea. Mwanzoni nilikuwa nahesabu. Nikaona kuhesabu kwenyewe kunauongezea mbio, nikaacha, nikawa navuta uradi hadi usingizi unichukue. Ngazi ya ghorofa ya pili ni safari. Nikiinuka kutoka sijda hutulia kidogo kabla ya kusimama, na siku nyingine huswali nimekaa, jambo ambalo kwa miaka miwili ya mwanzo lilinitia aibu mbele za watu wenye umri mkubwa kuliko mimi waliokuwa wakiswali wima. Pikipiki niliiuza mwenyewe. Nilizimia mara moja tu, nyumbani, nikaangukia godoro, lakini nilijiuliza: ningekuwa barabarani nimempakia mtoto wa mtu? Hapo sikuhitaji fatwa.

Halafu kuna suala la mchicha. Majani mabichi, yaani mchicha, kisamvu, matembele, yana vitamini inayopingana na warfarini. Haikatazwi kuyala, linalotakiwa ni kula kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Basi mama watoto ana bakuli la mchicha wangu, na ana daftari la matokeo ya kipimo kiitwacho INR, ambacho huonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwangu kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, donge. Kikipanda, kutokwa na damu. Nimeishi katika nafasi hiyo ya kati ya 2 na 3 miaka mingi sasa, na ni nyembamba kuliko inavyosikika.

Mpwa wangu aliyeko Muscat aliwahi kunisimulia habari za vidonge vipya visivyohitaji kupima damu wala kupima mchicha. Kwa miaka kadhaa, Allah anisamehe, nilimhusudu kila mwenye uwezo wa kuvinunua. Mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, wote wakiwa na moyo ulioharibiwa na homa ile ile kama wangu. Walilinganisha kidonge kimoja katika hivyo vipya, rivaroksabani, na dawa za zamani za jamii ya warfarini. Waliokufa wachache zaidi ni wale wa dawa za zamani. Aliponieleza daktari nilirudi dukani nikacheka peke yangu. Kile nilichokililia miaka yote, kwa mtu wa aina yangu, pengine kingenifupishia umri. Tumefundishwa katika Qur'an kwamba huenda mtu akachukia kitu na kheri yake imo humo. Nilikuwa naisoma aya ile kila mara bila kufikiri kwamba inaweza kuzungumzia kidonge.

Sasa nije kwenye kiini. Mwaka jana kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani baada ya swala ya Ijumaa, akiwa na karatasi. Alikuwa amewasiliana na wakala anayepeleka wagonjwa India. Kuna matibabu ambayo waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na sehemu zinazotoa umeme wa fujo zikachomwa. Gharama, pamoja na tiketi za watu wawili na malazi, zilikaribia Sh. milioni 30. Kaka alikwisha kuipata dawa ya hizo fedha. "Mdogo wangu," aliniambia, "ile nyumba ya Mbagala unaiweka ya nini na wewe unakufa?"

Nyumba ya Mbagala ina vyumba sita. Niliijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali. Kodi yake ndiyo ada ya watoto watatu, na mmoja yuko chuo. Sina kitu kingine.

Nikaenda kwa daktari wangu nikamwekea karatasi mezani. Alikuwa mkweli, na ninamshukuru kwa hilo kuliko dawa zote alizoniandikia. Alisema matibabu yale ni ya kweli, si utapeli, na yamewasaidia wengi ambao vali zao ni nzima na ugonjwa wao ni wa karibuni. Kwangu mimi, ambaye vali imebana na chumba cha juu kimekwisha kutanuka na fujo yenyewe ni ya miaka mingi, uwezekano wa mapigo kurudi sawa na kubaki hivyo ni mdogo. Na hata yakirudi, warfarini ningeendelea nayo. Nikamuuliza, ungekuwa wewe? Akasema hilo si swali la udaktari.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata hoja ya kukataa. Lakini mama watoto, ambaye alikuwa kimya siku zote hizo, akaniuliza swali ambalo hadi leo sijalimaliza. Aliniambia, "Baba watoto, hao watoto wanahitaji vyumba sita au wanahitaji baba?"

Ndugu msomaji, usilijibu haraka. Mimi nililijibu haraka na nikaona aibu.

Kwa kuwa riziki yangu ni vitabu, nilikwenda kwenye vitabu. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihya sehemu inayohusu tawakkul, anazigawa njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Kuna zile za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuziacha hizi si tawakkul hata kidogo, na mtu akichelea kufa kuziacha ni haramu. Kuna zile za dhana yenye nguvu, ambamo anaweka tiba nyingi za matabibu wa zama zake. Kuzitumia hakupingani na tawakkul, wala kuziacha si haramu. Na kuna zile za kuwaziwa tu, ambazo mwenye tawakkul anatakiwa azipe mgongo. Wanavyuoni wa madhehebu nao hawakusema kauli moja. Kwa Mashafi kujitibu ni sunna. Imamu Ahmad amepokewa akiona kuacha ni bora kwa mwenye uwezo wa tawakkul hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, mwaka 1992, liliamua kuwa hukumu hubadilika kwa hali: tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kunapelekea mtu kuangamia, kupoteza kiungo au kupooza, au kuwadhuru wengine, na chini ya hapo huwa sunna au mubaha.

Nilipoyasoma hayo niliona kosa langu la mwaka 2017 likiwa uchi. Nilikuwa nimeichukua dawa ambayo kwa mtu kama mimi iko karibu na fungu la maji na mkate, nikaitupa, nikashika kitu cha fungu la tatu, halafu nikajipa sifa ya uchamungu. Na sikuwa peke yangu. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kuelekea Loliondo, Waislamu na wasio Waislamu, na wapo waliotupa dawa zao njiani. Leo hakuna foleni, lakini mtindo haujafa, umebadilisha mavazi. Nitataja moja ambalo najua litaniletea lawama. Hijama ni katika tiba zilizosifiwa na Mtume (SAW), sina ugomvi nayo. Lakini mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda akienda kuchanjwa bila kumwambia mchanjaji, na mchanjaji asimuulize, hilo si jambo la sunna, ni uzembe wa watu wawili. Vivyo hivyo vitunguu saumu vinavyomezwa kwa wingi kama dawa, na michanganyiko ya chupa isiyojulikana kilichomo. Mwambie daktari wako unachokunywa. Hatakucheka, na akikucheka tafuta mwingine.

Lakini safari ya India haikuwa kwenye fungu la maji na mkate. Kwa maneno ya daktari wangu, kwa hali yangu, ilikuwa dhana, tena dhana dhaifu. Hapo sharia inaniacha huru, na uhuru huu ndio mzito. Likiwa haramu ungeacha, likiwa wajibu ungeuza. Likiwa halali yote mawili, unabaki wewe na mizani yako.

Wakati wa mizani hiyo nilikuwa namkumbuka sana yule mama mweusi ambaye habari zake zimepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas. Alimjia Mtume (SAW) akalalamika kwamba huanguka kifafa na nguo zikamfunuka, akaomba aombewe dua. Mtume akamchagulisha: akipenda asubiri na apate Pepo, na akipenda atamuombea apone. Akachagua kusubiri. Halafu akaongeza ombi la pili: aombewe asiwe anafunuka. Akaombewa.

Hadithi hii husimuliwa sana kama hadithi ya subira, na ni kweli, lakini mimi naiona pia kama hadithi ya mtu aliyejua kuchambua matatizo yake. Alitenganisha ugonjwa na fedheha ya ugonjwa. Kwenye moja alisubiri, kwenye jingine hakusubiri, na Mtume hakumwambia kuwa subira yake imepungua. Mimi nami ninapoanguka kwenye daladala sitaki nife kifo cha mwizi, watu wakisema huyu mlevi. Ndiyo maana mfukoni mwangu muna karatasi yenye jina la ugonjwa, jina la dawa na namba ya simu ya mama watoto. Hilo ndilo ombi langu la pili. Pia tuzingatie kuwa mama yule alichagulishwa. Hakuna aliyemchagulia. Sahaba hawakukaa kikao cha ukoo wakamwambia ana imani haba.

Na kuhusu nyumba, nilirudi kwa Saad bin Abi Waqqas (RA). Huyu aliugua Makka wakati wa Hija ya kuaga hadi akaona mauti. Alikuwa na mali, na mrithi wake wakati huo alikuwa binti mmoja. Akataka kuitoa sadaka theluthi mbili ya mali yake, akakatazwa, nusu, akakatazwa, akaruhusiwa theluthi, akaambiwa na hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Nikaona nimepata nguzo. Kama mgonjwa anazuiwa kutoa nusu ya mali kwa ajili ya Allah ili watoto wasiombe, atauzaje yote kwa ajili ya waya wa India?

Nikampelekea hoja hiyo sheikh wa msikiti wetu, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akaniachia nimalize, kisha akanisahihisha. Alisema mpaka wa theluthi ni wa wasia na kutoa bure. Mgonjwa anachotumia kwa chakula chake na dawa yake hakimo humo, hata kikimaliza mali. "Ukitaka kuuza, uza, ndugu yangu," aliniambia, "usijifiche nyuma ya Saad." Halafu akanikumbusha kitu nilichokuwa nimekiruka. Saad yule hakufa. Aliishi miaka zaidi ya arobaini baada ya siku ile, akaongoza jeshi la Qadisiyya, akapata watoto wengine wengi. Yeye mwenyewe aliyekuwa na uhakika wa kufa alikosea hesabu. Na ipo riwaya kwa Abu Daud, ingawa wanavyuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, kwamba Saad aliugua maradhi ya moyo, Mtume (SAW) akamwekea mkono kifuani na kumuelekeza kwa tabibu wa kabila la Thaqif, al-Harith bin Kalada. Yaani huyo huyo aliyefundishwa kuwafikiria warithi ndiye aliyeelekezwa kwa daktari.

Basi nikalazimika kufikiri upya bila kujificha. Nilichofikia ni hiki, na sidai kinamfaa kila mtu. Kama daktari angeniambia kuwa katika watu kumi wenye moyo kama wangu saba hupona, ningeiuza nyumba na mama watoto angekuwa na haki ya kunilaumu nisipouza. Baba ni haki ya watoto, hilo amenishinda. Lakini kilichokuwa mezani hakikuwa baba kwa vyumba sita. Kilikuwa ni tumaini dogo la usiku wenye utulivu zaidi, kwa ada ya watoto watatu, na warfarini ikibaki pale pale. Bei ya kitu na ukweli wake ni mambo mawili. Tiba inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe yangu.

Na kukataa kile sikukuita subira mpaka nilipojipima kwa jambo moja: je, ninayashika yaliyo karibu? Mtu anayekataa India huku anaruka vidonge vyake vya jioni, huyo amekata tamaa, asijidanganye. Mwezi wa Ramadhani humeza vyangu baada ya futari, na kabla ya Shaabani kwisha humuuliza daktari kama mwaka huo nifunge. Mwaka mmoja alikataa. Nililia, nikatoa chakula cha maskini, nikala mchana nikiwa nimefunga mlango.

Sitamaliza bila kusema neno juu yetu sisi jamii, ingawa litaudhi. Msikitini kwetu tumewahi kuchangisha fedha nyingi kwa ajili ya kijana mmoja aliyepelekwa nje. Alikwenda, akarudi na vali mpya, tukapiga takbira. Vali ile ya chuma ilihitaji warfarini na kipimo cha damu maisha yake yote. Hakuna aliyechangisha kwa ajili ya kipimo. Nauli ya kwenda kupima ilimshinda, akawa anapima anapojisikia vibaya, na mwaka uliofuata tulimzika. Tunapenda sadaka inayopanda ndege. Ile inayopanda daladala kila mwezi kwenda maabara haina picha.

Babu zetu katika dini hawakuwa hivyo. Sultani Qalawun, aliyewahi kuugua akatibiwa katika hospitali ya Nuri ya Damascus, alijenga Cairo hospitali ya al-Mansuri, iliyokamilika mwaka 1284, akaiwekea wakfu ili wanaume na wanawake, tajiri na fukara, watibiwe bila malipo. Wakfu maana yake ni kwamba kodi ya duka fulani inamlisha mgonjwa fulani mwaka baada ya mwaka, baada ya aliyelijenga kuoza kaburini. Na al-Ghazali huyo huyo aliwalaumu watu wa zama zake kwa kujazana kwenye fiqhi na mijadala huku miji mingi ikiwa haina tabibu Muislamu, ilhali utabibu ni fardhi kifaya. Hapa kwetu tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mengi yaliyokuwa yakifuatwa India miaka hiyo leo hufanyika Dar es Salaam. Lakini taasisi haiwezi kumlipia mtu nauli, wala haiwezi kukaa madrasa kumuuliza ustadhi ni mtoto gani koo linamuuma na magoti yamemvimba. Misikiti yetu mingapi ina fremu za maduka? Kodi ya fremu moja ingepimia damu watu wangapi?

Kaka bado hajakubaliana nami. Anakuja, anakunywa chai, anaitikia salamu kwa nusu mdomo. Anaona nimechagua matofali. Huenda siku moja akasimama kwenye kaburi langu akasema nilimwambia, na sitakuwepo kumjibu. Nimemwandikia wasia, si wa mali, ni wa maneno: kwamba hakushindwa kunisaidia. Ameukunja akauweka mfukoni bila kuusoma.

Jumanne iliyopita nilikwenda kupima, ikatoka 2.4. Mama watoto aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari, akafunika bakuli la mchicha, kisha akachukua simu kumkumbusha mpangaji wa chumba cha tatu kwamba kodi yake imepita tarehe.